Uliyeniuzia jiko la gesi la kopo ukasema "linafaa popote boss", njoo hapa tuongee

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Mwezi wa tano nilikwenda Kariakoo kutafuta jiko dogo la gesi, yale bapa ya kuchomeka kopo ubavuni, yanakuja kwenye mkoba mgumu wa plastiki kama wa drili ya fundi. Nilikuwa na shida mbili. Ya kwanza, tulikuwa wanne tunapanga kwenda kulala kwenye mahema Kitulo, ule uwanda wa milimani wenye maua, mwezi wa saba (najua maua ni ya masika, likizo ndiyo ilitupata hapo, msianze). Ya pili ni nyumbani. Tunapika kwa umeme na mtungi wa kilo 15, na siku vyote viwili vikiamua kukugomea kwa pamoja ndipo utajua ndoa ina nini. Jumatatu ya Pasaka 2024, tarehe mosi Aprili, gridi ya taifa ilizima usiku, asubuhi gesi nayo ikakata chai ikiwa vuguvugu. Mpaka leo nakumbushwa.

Basi nikamweleza muuzaji yote mawili, Kitulo nikaitaja kwa jina. Akanitazama machoni: "Boss, hili linafaa popote. Kambi, nyumbani, pikniki. Na ukichoka makopo, mpira huu hapa, unaunga kwenye mtungi mkubwa." Jiko 75,000, makopo manne kwa 8,000 kila moja. Jumla 107,000. Nikatoka pale najiona mjanja.

KITULO. Ule uwanda uko juu ya mita 2,600, na mwezi wa saba usiku baridi yake si ya kuvaa sweta moja. Saa moja jioni jiko likawaka vizuri, buluu kabisa, tukabandika maji ya chai. Dakika kama kumi hivi moto ukaanza kunywea. Nikafungua kitasa mpaka mwisho, ukabaki moto wa mshumaa, unayumba tu. Nikalishika kopo, lilikuwa baridi kama soda ya kwenye friji na limetoka jasho lote. Nikalitikisa, nikasikia gesi inacheza ndani, tena nyingi tu! Nikachomeka kopo la pili, mchezo uleule. Mwenzetu mmoja akalala na kopo ndani ya koti kama anaatamia yai, likawaka dakika chache likachoka tena. Wali wetu ukaishia kuwa mchele uliolowa. Aliyetuokoa ni kijana mwenyeji aliyekuja na mkaa na jiko la bati, na alicheka, sisemi uongo, alicheka sana.

Niliporudi ndipo nikakaa chini kusoma nilichopaswa kuambiwa dukani. Kopo lile lina gesi aina moja tu, butani. Butani kwenye usawa wa bahari inachemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, maana yake hali ya hewa ikikaribia hapo haitaki tena kugeuka mvuke, inakaa chini kama maji. Na hata hewa ikiwa na nyuzi tano, gesi inapotoka inalipoza kopo lenyewe, kwa hiyo linajigandisha huku unapika. Huko juu milimani presha ya hewa ni ndogo, inasaidia kidogo, lakini kidogo chenyewe mmekiona. Kuna makopo ya aina nyingine, mafupi manene, ya kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, ambayo ndani yana mchanganyiko wa isobutani na propani. Isobutani inachemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, propani 42 chini ya sifuri. Hayo ndiyo ya baridi. Lakini hayaingii kwenye jiko langu, hilo linakula makopo marefu tu, na yule bwana alijua.

Sasa hilo la Kitulo ningesamehe. Nilisema basi, litabaki la nyumbani. Kilichonifanya nifungue uzi ni NYUMBANI.

Wiki iliyopita Jumapili, umeme hakuna, mtungi umeisha, maharage yamelowekwa tangu asubuhi. Nikatoa jiko kwa mbwembwe, watoto wakasimama kuangalia. Mpaka maharage yanaiva nilikuwa nimemaliza kopo moja na kuingia la pili, na wali bado. Nikageuza boksi kusoma maandishi madogo ya chini. Limeandikwa kilowati 2.9, linakula gramu 210 kwa saa. Kopo lina gramu 220. Yaani ukifungua moto wote, kopo ni saa moja na dakika chache! Ukipunguza moto linadumu zaidi, sawa, ila maharage si ya kupikia moto wa kubembeleza.

Piga hesabu ya hela sasa. Gramu 220 kwa 8,000 ni kama 36,000 kwa kilo. Mtungi wa kilo 6 mtaani kwangu nabadilisha kwa 25,000, haifiki hata 4,200 kwa kilo. Napika kwa gesi ya bei karibu mara tisa, halafu serikali inahubiri asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa makopo haya? Watu watarudi kwenye mkaa wakiimba.

Haijaisha. Wali nikaubandika kwa sufuria kubwa ya familia, ile pana, imefunika jiko lote mpaka juu ya kile kifuniko cha kopo. Kama robo saa nikasikia "TAK!", moto ukazima. Nikawasha, haikubali. Kumbe kopo limejirusha lenyewe kutoka kwenye mdomo wake. Nikamlaani muuzaji kwa ubovu wa jiko, na hapo, niseme ukweli, nilimwonea. Ni kinga. Sufuria pana inarudisha joto chini kwenye kopo, presha inapanda, jiko linalisukuma kopo nje kabla halijalipuka. Kwa hiyo jiko lilikuwa na akili kuliko mimi na yeye. Lakini sufuria isiyozidi mashiko yake ni ya watu wawili, sisi tuko sita, na hilo nalo ni la kuuliza mteja kabla hujapokea hela: "Mko wangapi?"

Halafu ule mpira wa kuunga mtungi mkubwa. Haukuingia. Kichwa chake hakifanani na mtungi wa kilo 15 wala wa kilo 6 wa jirani, nimejaribu mitungi mitatu. Nikampigia muuzaji. Jibu lake nalinukuu jinsi lilivyotoka: "Toa regyuleta boss, funga mpira moja kwa moja na klipu." Wakuu! Regyuleta ndiyo inayoshusha presha ya mtungi iwe ya kupikia. Ukiitoa unaelekeza presha yote ya mtungi kwenye jiko dogo la bati, jikoni, watoto wamesimama. Mtu anauza vyombo vya gesi na anatoa ushauri wa namna hii kwenye simu huku anahudumia mteja mwingine.

Nilipomkatalia akaniletea dawa nyingine: kuna fundi wa jirani yake anajaza makopo upya kutoka kwenye mtungi, 3,000 tu. Hapa naomba mnisikilize hata kama mengine mnayaona majungu. Gesi ya mtungi ina propani ndani yake. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo kwa Dar ni kawaida, propani peke yake inasukuma karibu mara nne ya butani. Kopo lile ni bati jembamba lililotengenezwa kubeba butani mara moja tu, kisha litupwe. Ukilijaza mchanganyiko ukaliweka kabatini au kwenye buti la gari mchana wa saa saba, umejitegea mwenyewe. Na gesi hii ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni inasubiri kiberiti.

Nimekwenda dukani jana na vitu vyote mkononi. Akasema kilichofunguliwa hakirudi, angenipa feni ya mezani nikiongeza 20,000. Feni! Umeme ukikatika niipepee mimi?

Kwa anayetaka kununua, mimi nilivyoona kwa hela yangu: la akiba nyumbani chukua mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake cha kukaa juu, ukapake povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Unayumba kidogo kwa sufuria kubwa na si mzuri kuutazama, lakini unapika maharage wiki nzima. Jiko la kopo ni la chai, mayai, samaki wa kukaanga ufukweni. Na kabla ya kuuliza bei ya jiko uliza bei ya kopo, na kama duka la karibu na kwako linayo.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kama lingewaka vizuri ndani ya hema. Jamani, hapana. Moto kwenye hema lililofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, unalala huamki. Pikia nje, upepo ukisumbua weka kibati cha kuukinga upande mmoja, usilizungushie jiko lote maana utalipika kopo.

NYONGEZA 2: Aliyesema nilipaswa kupanda nalo ndege mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya, nisichoke na basi, makopo hayo hayaruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi wala la chini. Tulikwenda na basi, na mgongo wangu ni malalamiko ya uzi mwingine.

NYONGEZA 3: Mnaotaka jina la duka, sitaji. Nataka asome mwenyewe ajijue.

Na jiko nauza. Lipo na mkoba wake, mpira wake usioingia popote, na kopo moja lililobaki nusu. Anayekwenda ufukweni Saadani, kwenye joto, aje pembeni tuelewane bei. Wa Kitulo na Makete asinitafute.