Naomba ushauri: injini ya zamani ina sensa tatu za joto, ipi inafanya kazi gani?

Mwenye swali
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninalo gari la zamani la petroli, la silinda nne, ambalo kompyuta yake ni ya enzi ambazo mashine za kusoma hitilafu zilikuwa bado hazijaenea. Asubuhi linawaka vizuri, lakini likizimwa injini ikiwa ya moto linagoma kuwaka tena, na likikubali hutoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Geji ya joto husimama katikati barabarani, ila kwenye foleni hupanda, nami sijawahi kuiona feni ya rejeta ikizunguka. Nimeshauriwa kubadilisha sensa ya joto, lakini ninaona vitu vitatu: kimoja chenye waya mmoja karibu na themostati (vali inayoyaachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), kingine chenye nyaya mbili pembeni yake, na cha tatu kimefungwa chini ya rejeta. Ninaomba kufahamishwa kazi ya kila kimoja na namna ya kukipima kabla ya kununua chochote.

Fundi Umeme
Ndugu, vitu hivyo vitatu havishirikiani kazi, kwa hiyo kubadilisha kimoja hakuwezi kuponya ugonjwa wa kingine. Katika magari mengi ya rika hilo, chenye waya mmoja huihudumia geji ya dashibodi peke yake, na ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari) hupitia kwenye nyuzi zake za skrubu zilizokazwa katika chuma cha injini. Chenye nyaya mbili ndicho kinachoipa kompyuta taarifa ya joto la maji, nayo huitumia kuamua kiasi cha petroli. Hicho cha chini ya rejeta kwa kawaida ni swichi ya feni. Hata hivyo, usihukumu kwa idadi ya nyaya tu, kwa kuwa yapo magari yaliyounganisha sensa ya geji na ya kompyuta katika kifaa kimoja. Fuata waya hadi unakokwenda, au tafuta mchoro wa umeme wa gari lako.

Dalili zako zinanielekeza kwenye sensa ya kompyuta. Ukinzani wake, yaani kiasi unachozuia umeme, hupimwa kwa omu nao hushuka kadiri joto linavyopanda: nyingi husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi joto 20, kisha hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 maji yakifika nyuzi 80. Iwapo namba itabaki juu ilhali injini imeshapata moto, kompyuta itadhani injini ni baridi na itaendelea kuimwagia petroli ya asubuhi, na hapo ndipo moshi mweusi unapotokea. Zima swichi ya ufunguo, chomoa soketi, upime pini za sensa injini ikiwa baridi, kisha upime tena ikiwa ya moto. Baada ya hapo fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini na upime soketi upande wa nyaya, ambako unapaswa kukuta karibu volti 5. Usipozikuta, acha kuilaumu sensa na ukague waya, kutu ya soketi na ethi ya kompyuta.

Msomaji wa Geji
Kuhusu ile ya waya mmoja, kipimo chake ni chepesi. Ukiuchomoa waya swichi ya ufunguo ikiwa imefunguliwa, mshale wa geji nyingi hulala chini. Ukiugusisha kwenye ethi kwa kitambo kidogo tu, hupanda hadi juu. Mshale ukitii, geji na waya ni vizima. Ninasisitiza jambo moja ambalo wengi hulipuuza: nyuzi za skrubu za sensa hii zisizungushiwe tepu ya mabomba, kwani inaweza kuikatia ethi na geji ikasoma chini ya joto halisi.

Mkongwe wa Rejeta
Swichi ya feni ina mtego. Katika magari mengi huunganisha njia ya umeme maji yakifika nyuzi joto 90 na kitu, kwa hiyo ukiichomoa soketi na kuunganisha nyaya zake kwa kipande cha waya, feni inapaswa kuzunguka. Lakini yapo magari ambayo mfumo wake ni kinyume, feni huzunguka soketi inapochomolewa. Jaribu yote mawili kabla ya kusema kwamba mota imekufa. Pia sikilizia joto la hozi ya chini, ukiwa mbali na mapanga ya feni: ikiwa baridi wakati geji iko juu, themostati haifunguki au kuna hewa ndani, na swichi haina kosa. Tafadhali, mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Mwenye swali
Ninawashukuru sana. Sensa ya nyaya mbili imesoma kama omu 2,400 ikiwa baridi, na ikiwa ya moto haikushuka chini ya 1,500, ilhali volti 5 zipo kwenye soketi. Feni imezunguka nilipounganisha nyaya za swichi, na hozi ya chini ilikuwa ya moto geji ilipopanda.

Fundi Umeme
Basi sensa ya kompyuta na swichi ya feni zote mbili zibadilishwe, na ile ya geji uiache ilipo. Vipuri vipya navyo vipimwe kabla ya kufungwa: tumbukiza ncha yake tu katika maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto, uone omu za sensa zikishuka bila kurukaruka. Swichi ipime hivyo hivyo, ukilinganisha na nyuzi joto zilizochorwa kwenye kichwa chake, ambazo zilingane na za swichi ya zamani. Funga injini ikiwa imepoa, tumia washa (pete ya kuzibia) mpya, na usikaze kwa nguvu kwa sababu nyuzi za skrubu za aluminiamu huharibika upesi. Kisha jaza maji na utoe hewa yote, maana sensa iliyozungukwa na povu la hewa itasoma uongo hata ikiwa mpya.