Vidude vya + na – nyuma ya usukani: Kitonga navitumiaje?

Wakuu, juzi nikitoka Iringa kwenda Dar niliteremka mlima Kitonga na gari la automatiki, mguu kwenye breki muda wote. Kufika chini, breki zinanuka kuungua, na mama yangu yuko kiti cha nyuma. Vile vidude vingenisaidia?

— Sana, mkuu. Kabla hujaanza kushuka, vuta cha kushoto, chenye –, mara moja au mbili, gia ishuke. Injini itanguruma na kulizuia gari. Breki unagusa tu kwenye kona.

— Injini haiharibiki? Mshale wa mizunguko ya injini unapanda hadi 4000 kwa dakika!

— Haiharibiki. Mizunguko ikizidi, giaboksi yenyewe inakataa kushusha gia. Ila ukiwa D (gia ya kawaida ya kuendesha), magari mengi hurudi kwenye automatiki yenyewe. Weka M, ya kubadili gia mwenyewe.

— Asanteni. Mwezi ujao nateremka tena na mama. M naiweka kule juu kabisa.