Massey Ferguson 135 inazima ikishapata moto, fundi anataka kufungua pampu. Naomba ushauri

Mkulima_Kimbiji
Wakuu, heshima kwenu.

Nina trekta la Massey Ferguson 135 aliloniachia marehemu baba, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Nalitumia kwenye bustani ya mboga na miembe huku Kimbiji, Kigamboni: kupiga haro, kuvuta tela la samadi, kufyeka nyasi. Asubuhi linawaka bila shida. Likishafanya kazi kama nusu saa nguvu zinapungua, mlio unapanda na kushuka, kisha linazima. Likipumzika linawaka na kuchapa kazi vizuri, halafu yanajirudia yale yale.

Fundi anasema pampu ya nozeli, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda, imekwisha, ifunguliwe pamoja na nozeli zote tatu. Bei yake ni nzito kwa mkulima wa mchicha. Nianzie wapi kabla sijamkubalia?

Spana_Mkononi
Linapokaribia kuzima linatoa moshi? Ukipiga stata papo hapo linaitika?

Mkulima_Kimbiji
Moshi hakuna mkuu, linafifia tu. Papo hapo haliwaki, mpaka lipumzike kidogo.

Bustani_Kwanza
Uza hilo chuma kuukuu ununue pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono) mpya, utapumzika.

Fundi_Dizeli
Usiuze, na pampu usiiguse bado. Kufifia bila moshi maana yake injini inakosa dizeli, haijaharibika. Sasa lazima ujue dizeli inakwamia wapi, na unaanzia kwenye tenki kwenda mbele, siyo kwenye pampu kurudi nyuma.

Likianza kufifia, legeza mfuniko wa tenki. Mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba, dizeli inavyopungua tenki linavuta na mafuta hayashuki. Trekta likipata nguvu ulipolegeza, tatizo umelipata bila gharama.

Lisipobadilika, zima, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo ya kusukuma mafuta, ile yenye kiwiko cha mkono ubavuni mwa injini. Kinga ndoo, fungua koki, acha itiririke dakika kadhaa. Usiangalie mwanzo tu, maana karibu kila tenki hutoka vizuri mwanzoni. Ikianza kwa nguvu kisha ikawa nyembamba, kuna uchafu unaovutwa kwenye chujio la koki. Injini ikizima uchafu unatulia chini, ndiyo maana likipumzika linawaka. Trekta hizi ni za zamani, 135 zilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Je, tenki la lako limewahi kushushwa na kuoshwa?

Mama_Mkuranga
Naungana na Fundi, ila niongeze kitu. La kwangu lilikuwa na dalili zinazofanana na kweli pampu ilikuwa imelika. Pampu ya nozeli ya CAV iliyoko kwenye injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikilika, dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani, injini haiwaki mpaka ipoe. Likizima, zungushia pampu kitambaa kilicholowa maji. Ikipoa tu na likawaka, mshuku pampu. Na kwa sababu hiyo hiyo usikubali dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, inakausha pampu. Hata baada ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba (alama ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, mafuta ya madumu ya njiani mimi sinunui.

Mkulima_Kimbiji
Wakuu, nimerudi. Mfuniko haukubadilisha kitu. Kwenye ndoo dizeli ilianza vizuri, ikawa nyembamba, mwisho ikabaki matone. Nimeshusha tenki: chujio la koki limejaa kutu na matope meusi. Nimeosha kila kitu na kurudisha, lakini sasa haliwaki kabisa!

Fundi_Dizeli
Hapo umeingiza upepo, utoe. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa kiwiko mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya hivyo kwenye skrubu mbili za pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli iruke, kaza. Kiwiko kikiwa kilegevu hakisukumi, zungusha injini kidogo. Kemu ya injini inayosukuma pampu ndogo imesimama pabaya. Wengi hapo hudhani pampu ndogo imekufa wakanunua nyingine bure.

Mkulima_Kimbiji
Limewaka! Kiwiko kilikuwa kilegevu kama ulivyosema. Nimepiga haro mchana kutwa halijazima. Mungu awabariki sana, hili trekta ndilo lililotusomesha. Filta nipate wapi?

Spana_Mkononi
Zunguka maduka ya vipuri Gerezani, Dar es Salaam, na ubebe ile ya zamani mkononi ulinganishe, pamoja na mipira yake. Washa za shaba nunua mpya, za zamani zikishakazwa hupitisha hewa.

Mama_Mkuranga
Na huko Kimbiji kuna unyevu wa bahari. Usililaze tenki likiwa nusu, hewa ya ndani ikipoa usiku inaacha maji na kutu inarudi. Jaza jioni, na kabla ya kuwasha asubuhi mwaga kidogo ya chini ya filta uone kama kuna maji.