Maček alikataa kukabidhiwa nchi 1941: alifanya la maana au alimwachia fisi bucha?

Mwanamtoni
Wakuu, heshima kwenu. Kwenye uzi wa viongozi waliokataa madaraka kuna mtu alimtaja Vladko Maček wa Kroatia kuwa mfano wa mwanasiasa msafi, uzi ukafungwa kabla sijajibu. Naomba tumjadili hapa.

Kwa wasiomjua: alikuwa wakili, mzaliwa wa Jastrebarsko, 1879. Alipata udaktari wa sheria, na 1908 akafungua ofisi kamji kadogo, Sveti Ivan Zelina. Akaingia chama cha wakulima cha Stjepan Radić. Radić alipigwa risasi ndani ya bunge kule Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, Juni 1928, Agosti akafariki, chama akakirithi Maček. 1933 akahukumiwa miaka mitatu jela. Agosti 1939 akapata alichokuwa anakidai: Kroatia yenye utawala wake ndani ya Yugoslavia, yeye akawa naibu waziri mkuu wa nchi nzima.

Aprili 1941 Hitler anavamia. Wajerumani wanamfuata yeye kwanza, atangaze nchi chini ya ulinzi wao. Anakataa. Nchi inaangukia kwa Ante Pavelić na Ustaša, kundi lake la kifashisti, na mnajua walivyouawa Waserbia, Wayahudi na Waroma (Wajipsi).

Kukataa kwake sikulaumu. Ninachomlaumu ni kwamba siku ileile nchi hiyo mpya ilipotangazwa, tarehe 10 Aprili, tamko lake lilisomwa redioni likiwataka wafuasi wake waitii serikali mpya. Umekataa kiti halafu unawaambia watu wako wamtii aliyekikalia? Usafi huo uko wapi?

Kipara wa Nyegezi
Mleta mada unashangaa nini? Huyo ni wakili. Pavelić naye wakili. Wakili kazi yake kutafuta maneno ya kumtoa mteja, na hapo mteja alikuwa yeye mwenyewe. Angefanikiwa Hitler, "niliwaambia watii". Angeshindwa, "mimi nilikataa". Mawakili ni walewale, Zagreb ya Kroatia hadi Mwanza.

Salma wa Graz
Kaka Mwanamtoni, umeruka kitu kikubwa. Mwezi uleule majeshi ya Ujerumani yalikuwa yanaingia Zagreb, na Belgrade ilikuwa imeshapigwa mabomu tangu tarehe 6. Wanachama wake walikuwa wakulima wenye mauma na majembe. Angewaambia wapigane, wangechinjwa kabla ya mavuno. Mimi tamko lile nalisoma kama la mtu anayejaribu kupunguza damu. Alikosea mahesabu, sawa, lakini nia yake usiichafue.

Na kumbuka angeweza kukimbilia London na serikali ya Yugoslavia. Alimtuma Juraj Krnjević wa chama chake akashike nafasi yake, yeye akarudi kwa watu wake. Mwoga harudi.

WakiliMdogo
Kipara, ya Maček nitarudi kwayo. Kwanza hilo la "mawakili ni walewale" ulifute.

Unamweka Maček kapu moja na Pavelić kwa sababu wote walisoma sheria? Pavelić mwaka 1927 alikwenda Skopje kuwatetea wanafunzi wa Kimasedonia walioshtakiwa na dola. Hiyo ni kazi halali ya uwakili na sina neno nayo. Mtazame sasa alipopata dola mkononi. Tarehe 17 Aprili 1941, siku mbili tu baada ya kufika Zagreb, anatoa amri ya kulilinda taifa na dola. Inamgusa kila atakayedhuru heshima ya taifa la Kroatia, au ALIYEWAHI kudhuru. Adhabu ni kifo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria anajua huwezi kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo siku alipolitenda halikuwa kosa. Pavelić alilijua hilo kuliko sisi wote, na akalikanyaga makusudi. Huyo aliusaliti uwakili. Usitupakie dhambi zake.

Kipara wa Nyegezi
Umejibu hoja ambayo sikuileta. Mimi nimesema mawakili wana maneno ya pande zote mbili, na wewe umeniandikia aya nzima kunithibitishia. Asante.

WakiliMdogo
Ungekuwa na hoja ungejibu ile amri ya tarehe 17. Umebaki na kejeli.

Bwana Korosho
Nyie wawili hamieni kwenye uzi wenu. Huyo Maček si ndiye aliyekimbilia Argentina akapigwa risasi huko?

Salma wa Graz
Hapana, huyo ni Pavelić. Alipigwa risasi karibu na Buenos Aires Aprili 1957, akanusurika, akafa Madrid Desemba 1959. Maček alitoka Kroatia 1945 akaishia Marekani, akafa Washington 1964. Mifupa yake ilirudishwa 1996, iko makaburi ya Mirogoj, Zagreb.

Mzee wa Kurasini
Wanangu, nimesoma kimya tangu asubuhi. Nilisoma uhandisi Zagreb miaka ya sabini, enzi za Tito, tulipokuwa tunapewa nafasi za masomo Yugoslavia kama ndugu wa nchi zisizofungamana.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa Mkroatia, mkatoliki wa misa ya kila Jumapili. Siku moja akaniambia vaa viatu vizito, twende mahali. Akanipeleka Jasenovac, ilipokuwa kambi ya mauaji ya Ustaša, kando ya mto Sava. Nilitarajia majengo. Hakuna jengo la kambi lililobaki. Ni uwanda wa majani na vilima vidogo vidogo, na katikati ua kubwa la zege limefunguka juu. Njia ya kulifikia imetandikwa mataruma ya reli, unakanyaga moja baada ya moja, usipoangalia unajikwaa. Yule mama aliyakanyaga polepole mno. Tulipofika chini ya ua alivua kitambaa kichwani, akasimama. Hakuniambia ana nani pale, nami sikuuliza.

Tukiwa garini kurudi ndipo akasema: "Na Maček wetu naye walimleta hapa." Mleta mada hujaligusa hilo. Oktoba 1941 walimkamata wakamweka Jasenovac hadi Machi 1942. Kwenye kumbukumbu zake amesimulia mlinzi aliyekuwa akipiga ishara ya msalaba kila usiku. Akamuuliza kama haogopi adhabu ya Mungu. Mlinzi akamjibu kwamba anajua ataungua motoni, lakini ataungua kwa ajili ya Kroatia.

Sasa niambieni, mtu aliyelala chumba kimoja na jibu hilo, mnamhukumu kwa tamko moja la redio?

Mwanamtoni
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Lakini mzee, kufungwa Oktoba hakufuti alichosema Aprili. Katikati hapo kuna miezi sita.

Bwana Korosho
Hapo Jasenovac si ndipo waliuawa watu laki saba?

Salma wa Graz
Laki saba ndiyo iliyokuwa ikifundishwa Yugoslavia. Jumba la kumbukumbu la palepale lina orodha ya majina, mmoja mmoja, imefika 83,145. Makadirio ya watafiti wengi yako kati ya 80,000 na 100,000.

Bwana Korosho
Kwa hiyo unapunguza? Ndivyo wanavyoanza wale wa kusema hakukuwa na kitu.

Salma wa Graz
Sipunguzi chochote! Orodha ina majina ya watoto, na umri wao umeandikwa. Nimeisoma mpaka nikafunga kompyuta. Ukisema laki saba bila majina, yule anayetaka kukana anashika uwongo wako wa hesabu na kukana hata hao 83,145. Nani kati yetu anayemsaidia? Usinitupie neno hilo tena, Korosho.

Bwana Korosho
Basi dada, samahani. Nilirukia.

WakiliMdogo
Narudi kwa Maček kama nilivyoahidi. Uchaguzi wa 1938 mpiga kura wa Yugoslavia alitamka chaguo lake kwa sauti, mbele ya karani na polisi. Orodha ya upinzani aliyoiongoza Maček ilipata kama asilimia 45. Wakulima wale walisema jina lake huku wanatazamwa usoni. Mwanamtoni, hapo nakubaliana na wewe: watu wa namna hiyo ukiwaambia "tii", wanatii kweli. Wangeambiwa "kaeni nyumbani, msimpe Pavelić hata karani mmoja", ingekuwa habari nyingine. Neno lake lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani.

Mwanamtoni
Hicho ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo.

Kipara wa Nyegezi
Wakili hapo umesema vizuri na nakubali. Lakini usidhani nina chuki ya bure. Baba yangu alikuwa na kesi ya shamba. Wakili wetu alichukua pesa ya ng'ombe wawili, siku ya hukumu hakutokea. Mzee alisimama peke yake akiwa ameshika kofia, anaulizwa mambo kwa maneno asiyoyaelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimeketi benchi la nyuma. Shamba likaenda. Ndiyo maana nikisikia wakili, wa Zagreb au wa wapi, moyo unapanda.

WakiliMdogo
Pole sana ndugu yangu. Sikujua, na nilikujibu kwa ukali. Nakala ya hukumu mnayo? Muda wa rufaa umepita, lakini kuna maombi ya kuongezewa muda, na sababu kama hiyo huwa inasikilizwa. Njoo inboksi na namba ya kesi. Sitaki pesa.

Mzee wa Kurasini
Kipara, mtafute leo leo. Na baba bado yupo?

Kipara wa Nyegezi
Yupo mzee. Karatasi zote anazo, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Namtumia kijana azipige picha.