Nachimba shimo la choo, nimekuta utepe wa njano

Wakuu, nipo Mangamba, Mtwara. Jana kwenye futi tatu hivi sururu ilinasa utepe wa njano wenye maandishi ya tahadhari. Fundi anasema tuukate tuendelee. Sheria inasemaje?

— Simamisha! Utepe huwekwa juu ya bomba ili mchimbaji auone kwanza. Kama ni bomba la gesi, lina Sheria ya Petroli ya 2015. Mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha TPDC, shirika la taifa la petroli. Marekani wanapiga simu namba 811 kabla ya kuchimba, wanawekewa alama za mabomba yalipo, bure.

— Mimi hapa Lindi nilitoboa bomba la maji. Nililipa bomba, kiungio na fundi. Matusi ya majirani yalikuwa ya bure.

— Ahsanteni. Nimefukia. Fundi kanuna, anadai hela ya kufukia.