Mliofundisha mbwa wakubwa kwa sifa na zawadi, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina Rottweiler dume, miezi 14, kilo 48. Majuzi kamrukia mama mkwe kifuani, mama chali. Furaha tu, wala hakuwa na ubaya. Kinachoniuma ni kwamba tabia hiyo nilimlea nayo mwenyewe: alipokuwa kitoto, kila akiniwekea miguu magotini nilimbeba na kumbembeleza. Fimbo niliijaribu siku mbili, alichojifunza ni kunikimbia nikinyoosha mkono. Sasa miguu minne ikiwa chini anapata kipande cha maini na "safi!" ya nguvu. Akiruka, nampa mgongo, kimya, simtazami. Siku tano za kwanza aliruka kuliko mwanzo, nusura niache. Ya sita akasimama mbele yangu, mkia unapiga ukuta, mwisho akaketi mwenyewe. Waliopitia haya, karibuni.

—

Mkuu, huko kuzidisha ni kawaida. Anaona mbinu yake imegoma, anaongeza nguvu. Ukimbembeleza siku hiyo hata mara moja, umemfundisha kwamba akikazana analipwa.

Wangu ni Great Dane, mvutaji kamba. Nilikata shauri: kamba ikikaza, nasimama. Siku ya kwanza tulitumia dakika 40 kufika kona iliyo karibu, watu wanaona nimechanganyikiwa. Kamba ikilegea tu, "safi", na kipande anapewa ubavuni kwangu, siyo mbele, maana ukimpa mbele ndiko atakakokuwa anakimbilia. Hanesi (mikanda anayovishwa mwilini badala ya kola ya shingoni) yenye pete ya kamba kifuani ilinisaidia pia: akivuta, inamgeuza arudi kwangu.

—

Mimi kosa langu lilikuwa kuchelewa. Namwambia "kaa", anakaa, naanza kupekua mkoba. Hadi natoa kipande keshasimama na anabweka, nampa hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye nina mbwa anayekaa, anasimama, anabweka, kisha anadai malipo yake! Zawadi inalipa kilichofanyika sekunde moja au mbili zilizopita, basi. Siku hizi neno linatoka kwanza, pale pale makalio yakigusa chini, mkono unafuata.

—

Samahani, hizi ni habari za mbwa wa mapajani. Dume la kilo 50 bila adabu litakupanda kichwani.

—

Ndugu yangu, nilikuwa msimamo huo huo. German Shepherd wangu alikuwa ananguruma mtu akikaribia bakuli lake, nikawa nampiga. Akaacha. Nikajisifu. Siku moja nimeinama kuokota kijiko pembeni yake, akanidaka mkono bila sauti, nyuzi nne. Kunguruma ilikuwa kengele, na mimi ndiye niliyekata waya wake. Baada ya hapo nikaanza upya: nikipita mbali na bakuli, namrushia kitu kitamu kuliko kilichomo, naendelea na safari yangu. Kila siku hatua moja karibu zaidi, akikakamaa shingo narudi nyuma. Imechukua miezi mitatu na ushee. Leo nikikaribia ananyanyua kichwa kuangalia nimekuja na nini. Watoto bado siwaruhusu, sijafikia huko.

—

Msisahau vitambi. Vipande viwe kama punje ya maharage, na mvitoe kwenye chakula chake cha siku, visizidi asilimia 10. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwao, hata jitu la kilo 60.

—

Mwenye uzi nimerudi. Mama mkwe kaja leo. Nilimfunga mbwa kamba, mama nikamjaza vipande mkononi kabla hajaingia getini. Jamaa akaketi. Kama sekunde tatu hivi akanyanyua mguu mmoja wa mbele, akamtazama mama, akaushusha.

Mama anauliza kama anaruhusiwa kumwongeza kingine.