Familia Yetu: korosho za Neema

Neema Nkuhungu: Mbukwenyi wapendwa. Wifi yangu wa Masasi kanitumia korosho ghafi, bado na maganda yake. Nataka kuotesha mkorosho nyuma ya nyumba, hapa Nkuhungu, Dodoma. Nianzie wapi?

Elia: Kwani zikikaangwa zina shida gani 😂

Shangazi Veyula: Elia, usithubutu kuzimenya kwa meno. Utomvu wa lile ganda unababua midomo, na moshi wake ni mbaya.

Mjomba Manyoni: Mbukwa. Neema, ni za msimu gani?

Neema Nkuhungu: Shikamoo mjomba. Za mwaka huu, zimevunwa mwezi wa 10.

Mjomba Manyoni: Marahaba. Hizo zitaota. Zimwage kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea weka kando, zinazozama ndiyo mbegu. Ziloweke siku mbili, ubadilishe maji.

Neema Nkuhungu: Halafu kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche?

Mjomba Manyoni: Mvua si ndiyo hizi zimeanza? Panda shimoni moja kwa moja. Mzizi mkuu wa mkorosho unakimbilia chini, ukichelewa kwenye kiriba unajikunja, na ukikatika wakati wa kuhamisha mche unadumaa. Weka mbegu tatu, kina cha sentimita 5 hivi, pale ilipokuwa imeshikana na bibo paangalie juu. Baadaye unabakiza mche mmoja wenye nguvu.

Neema Nkuhungu: Zinaota baada ya muda gani?

Mjomba Manyoni: Wiki mbili, tatu, hata nne. Korosho yenyewe inatoka juu ya udongo imepasuka vipande viwili. Kuku wanaipenda hiyo!

Shangazi Veyula: Na mchwa je? Huku wanamaliza kila kitu.

Mjomba Manyoni: Samadi iwe imeoza kabisa shemeji, na majani makavu yasigusane na shina. Kazi kubwa ni kiangazi cha kwanza, Mei mpaka Novemba. Neema asipomwagilia, hakuna mti.

Elia: Tukipanda zote si tunatajirika?

Mjomba Manyoni: Kwa mbegu ya kuokota? Mama anaweza kuzaa sana, mtoto akatoa korosho ndogo ndogo, tena kwa kuchelewa. Wanaolima biashara huku Manyoni wanatafuta miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mti mzuri, ya aina zilizofanyiwa utafiti Naliendele kule Mtwara. Na shambani ni mita 12 kwa 12. Kiwanja cha Nkuhungu kinabeba mingapi?

Neema Nkuhungu: 😅 Mimi nataka kivuli na mabibo ya watoto tu. Kati ya karo na ukuta pana nafasi.

Mjomba Manyoni: Hapana, hapo hapana. Ule mti unatanuka, matawi yanalala mpaka chini. Mbele je, upande wa geti?

Neema Nkuhungu: Baba watoto anaegesha bodaboda hapo.

Mjomba Manyoni: Ahamishe bodaboda.

Baba Watoto: Nimesoma yote. Sawa mjomba, ila majani nafagia mimi au nani?

Shangazi Veyula: Mbegu zitakazobaki nileteeni Jumapili, huku nafasi ipo. Tatizo mbuzi.

Mjomba Manyoni: Anza na uzio wa miiba shemeji, mbegu baadaye.